Mtani Hapelekwi Polisi

Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushee. Mwaka wenyewe niliozaliwa sina uhakika nao, marehemu mama alikuwa akisema tu ni mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara nyingi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye yale madarasa ya watu wazima ya jioni, kwa hiyo mkiona nimeruka huku na kule mnivumilie. Naandika kama ninavyoongea.

Kwetu ni Magoma, upande wa Korogwe. Mimi ni Msambaa. Niliolewa Handeni na Mzigua, Athumani jina lake, Mungu amrehemu, lakini watu walimwita Baba Mwanaidi kwa mtoto wetu wa kwanza. Mama hakupenda niende huko. Aliniambia, "Mwanangu, unakwenda nchi isiyo na maji, nguo utafua kwa mate?" Kweli maji yalitusumbua. Lakini si maji yaliyonifanya mjane.

Ni baiskeli!

Najua vijana mtacheka. Siku hizi mna pikipiki zinazowaua kila kukicha, mtasema baiskeli nayo ni kitu cha kuandikia mkasa? Someni kwanza.

Mnaokumbuka miaka ya kabla ya ruksa, kabla serikali haijafungulia biashara, mnajua baiskeli ilikuwa kitu gani. Kijijini kwetu kule Handeni alikuwa nayo mwalimu mkuu, akaifunga vitambaa vya rangi kama bibi harusi. Kupata mpya ilikuwa lazima uwe na kibali, na umjue mtu. Halafu ruksa ikaja... Maduka ya Korogwe yakajaa mitumba, redio, sabuni zinazonukia mpaka unatamani kuzila, na baiskeli zimening'inizwa darini kama mikungu ya ndizi. Ndani ya misimu michache kila kijana wa kwetu akawa na yake.

Wakaanza kubeba mkaa kwenda kuuza Korogwe. Magunia mawili nyuma, mengine yamepita kichwa cha mwenye kuendesha. Sasa ule uzito ulikuwa unakula raba za breki upesi sana, wakaona bora waing'oe breki yote waitupe. Kengele nayo wakaitupa. Wakawa wanasimamisha kwa mguu. Unavaa katambuga, kile kiatu cha tairi, unakanyaga gurudumu la mbele mpaka litulie. Tairi kwa tairi. Ukimwambia kijana huu ni wazimu anakujibu, "Bi mkubwa, breki ya nini? Breki ni wewe mwenyewe, pisha chuma!"

Na barabara yetu inaingia kijijini kwa mteremko mrefu, na chini ya mteremko ndipo penye gulio. Sijui nani alichagua pale. Kila siku ya gulio walishuka kama mawe. Kuku walikanyagwa. Mwanamke mmoja wa Kimasai aliyekuja na kibuyu cha maziwa alirushwa kwenye nyanya za watu, maziwa na nyanya vikawa uji. Watu walichoka! Wakapiga kelele, wakatukana, ikaitishwa mikutano. Mwenyekiti akasema waendeshaji watashuka na kusukuma wakifika kichwa cha mteremko. Wote wakaitikia ndiyo. Kesho yake wakashuka vilevile, miguu imenyanyuliwa juu.

Aliyewatia moyo ni nani? Ni mume wangu!

Hapa lazima nieleze kidogo. Katika wale vijana alikuwepo mmoja, Mihayo. Mnyamwezi. Baba yake aliletwa na mkonge kule Hale na yeye akazaliwa kambini. Mkonge ulipolegea akahamia kwetu, akaoa, akashika mkaa. Na Wanyamwezi na Wazigua ni watani, mnajua. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kuku wako huombi fidia. Kwetu sisi utani ulikuwa wa maneno maneno tu, lakini mume wangu aliuchukua kama dini. Alikuwa mtu mkimya, hana rafiki wengi. Mihayo ndiye aliyemfanya acheke. Nasema ukweli, mimi mkewe sikuweza kumchekesha vile.

Basi wakawa na mchezo wao. Siku ya gulio Baba Mwanaidi anakwenda kusimama katikati ya barabara, chini ya mteremko, kapanua mikono. Mihayo anashuka na mkaa wake. Watu wanaacha kununua, wanakuja kutazama.

"Toka njiani Mzigua, chakula cha fisi!"

"Sitoki! Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu kichwani, wewe unapita na mkaa. Ukoo mzima ni mizigo tu!"

"Leo nakuzika!"

"Nizike, lakini kwanza nunua sanda, bahili wewe!"

Na Mihayo akikaribia kabisa, anakanyaga gurudumu, anampita pembeni kama upepo, anamvua kofia. Kofia inakombolewa kwa kahawa. Watu hoi kwa kicheko.

Mimi nilikuwa nikiuza maandazi pale. Nilikuwa nikiinamisha uso. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Baba Mwanaidi, huu mchezo siupendi." Akanijibu, "Wewe Msambaa, mambo ya watani huyajui." Nikarudi kwenye maandazi yangu.

Siku yenyewe kulikuwa kumenyesha asubuhi, manyunyu tu, kisha jua likatoka. Gulio lilijaa. Akasimama pale pale. Mihayo akatokea juu. Nikaona anashuka, nikaona ananyanyua mguu na kukanyaga gurudumu... na baiskeli haipungui. Kiatu kilicholowa juu ya tairi lililolowa, kinateleza kama samaki mkononi. Mihayo alipiga kelele, "Toka! Kweli toka!" Lakini kila siku si alikuwa akisema toka? Mume wangu akazidi kupanua mikono.

Ncha ya usukani ilimgonga hapa, chini ya mbavu za kushoto. Wakaanguka wote na magunia yao.

Halafu Mihayo akainuka, goti linatoka damu, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mtani, umekufa?"

Na mume wangu, kalala chini kwenye mkaa, akajibu, "Nimekufa. Sanda iko wapi?"

Gulio zima likacheka! Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akamdai Mihayo jogoo. Watu wakarudi kwenye biashara zao. Hata mimi niliuza maandazi yaliyobaki. Nakumbuka mtu alilalamika kuwa yana mchanga.

Jioni alikula kidogo. Akasema bega la kushoto linamuuma. Bega! Nikamwambia umegongwa tumbo, bega linatoka wapi? Nikalichua kwa mafuta ya nazi. Dada yangu wa Mombo ndiye aliyekuwa ananiletea mafuta yale, alikuwa akiuza ndizi na mayai kwa abiria wa mabasi, mwanamke hodari sana, naye ametangulia. Basi nikachua. Kumbe nachua pasipohusika.

Kesho yake akawa mweupe midomoni, akawa na kiu. Keshokutwa yake hakuweza kusimama. Tukapata lori la mahindi linalokwenda Korogwe. Siku zile, na leo pia nasikia hivyo hivyo, ukifika hospitali umegongwa au umepigwa, wanataka kwanza karatasi ya polisi. Na polisi watauliza nani kakugonga. Mume wangu alilijua hilo. Ndani ya lori akanishika mkono akasema, "Mama Mwanaidi, usitaje baiskeli. Mtani hapelekwi polisi. Watamfunga, na mimi nitakuwa nimevunja kitu ambacho babu zangu hawakuvunja."

Muuguzi alikuwa msichana mpole. Akamuuliza, "Shikamoo baba. Unaumwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Homa. Na bega."

"Hujaanguka? Hujapigwa?"

"Nianguke, kwani mimi mtoto anayejifunza kutambaa?"

Yule msichana akanigeukia. "Mama, hajaanguka?"

Nikamtazama mume wangu. Naye ananitazama... Ningefanyaje? Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile na hakuwahi kuniomba kitu. Nikasema, "Kama alivyosema."

Wakamchoma sindano za malaria. Hawakukosea, walitibu walichoambiwa. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimetoka kumchemshia uji. Niliporudi walikuwa wameshamfunika.

Sikulia. Sijui kwa nini. Nilishika ule uji mpaka ukapoa. Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka, nikamwambia yule msichana kila kitu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Mama... mbona hamkusema? Huenda ni bandama imepasuka, damu ikamwagikia ndani. Ikiwa hivyo, bega ndilo linaloanza kuuma. Angewahi kupasuliwa." Kisha akalia. Nikambembeleza yeye.

Wakati lori linaturudisha na maiti, mimi nilikuwa nawaza kama kuna mtu amewafungua mbuzi. Hicho tu. Mbuzi.

Shemeji zangu walikwishatangaza kuwa marehemu aliugua homa. Mbona aligongwa kila mtu aliona? Waliona, ndiyo. Lakini walimwona pia akiinuka na kucheka. Kwao ile ilikuwa habari nyingine, ya furaha.

Mnajua kazi ya watani msibani. Wanafurahisha waliofiwa, wanamwiga marehemu, wanazuia jeneza mpaka walipwe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, natazama mlangoni. Jeneza linainuliwa, mara Mihayo akaingia uwanjani na baiskeli yake. Akailaza mbele ya jeneza. Akasimama, akapanua mikono, vile vile kama mume wangu. Vile vile! Hata shingo aliikunja kama yeye. Watu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi.

Kisha Mihayo akasema kwa sauti, "Huyu nimemuua mimi!"

Wakacheka.

"Nawaambia nimemuua! Si homa! Ni mimi na baiskeli yangu!"

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akamtupia shilingi akamwambia, "Haya muuaji, chukua ada yako utupishe." Mihayo akaanza kulia, analia kweli, kamasi zinamtoka, anajipiga kifua. Nao wanasema, aisee, Mnyamwezi huyu leo kaweza!

Akageuka akaniona pale mlangoni. Sikucheka. Yeye akajua kuwa mimi najua. Tukatazamana... mpaka wanaume wakamvuta pembeni, jeneza likapita.

Nikakaa eda. Watu walikuja kunipa pole kwa homa, nikapokea. Nje nilikuwa nasikia zile baiskeli zinashuka. Unajua zinavyolia? Kama kitu kinachanika. Nilizisikia kila siku ya gulio na sikuhisi chochote, si hasira, si huzuni, kama vile nimekunywa dawa. Mpaka mtoto wa jirani alipovunjwa mguu. Na watu wakalalamika tena, na kusahau tena.

Eda ilipokwisha nikaenda mkutanoni. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya wanaume. Nikasema, "Mume wangu aliuawa na baiskeli pale chini ya mteremko. Naomba vijana washuke wasukume."

Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mama Mwanaidi, tunajua machungu yako. Lakini mwenzio alikufa kwa homa. Hospitali wenyewe walimtibu homa."

Mnaona? Uongo wetu ndio uliosimama kuwa shahidi dhidi yangu!

Nyuma kabisa Mihayo akainuka. Alikuwa amekonda. Akasema taratibu, "Mama anasema kweli. Nilisema mimi mwenyewe msibani, mkanipa shilingi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mzee aliyetupa shilingi alitazama chini. Ikapitishwa kuwa washuke wasukume, na Mihayo akawa wa kwanza kusukuma, gulio baada ya gulio, wenzake wakimzomea, "Mkokoteni huo!" Wengine wakamfuata.

Ningependa kuwaambia kijiji kilipona. Walisukuma mpaka mvua za vuli. Halafu mmoja akapanda, na mwingine, na mambo yakawa yale yale. Mihayo alihama na mkewe, nasikia alirudi Hale, sijui kama yu hai. Sikumpeleka polisi. Watu huniuliza kama nilimsamehe. Kwenye ile sehemu ya moyo hapajawahi kurudi kitu.

Sasa wajukuu zetu wanapita hapa kwa bodaboda, watatu juu ya kiti kimoja, wanawapigia wazee honi kwa mzaha, na wazee wengine wanaruka na kucheka. Nawasihi, msicheke nao. Wewe unayeendesha, kila unayemkuta njiani mchukulie kuwa hatakupisha. Wako wasiosikia, wako wanaodhani unatania. Na wewe uliyegongwa, usimfiche aliyekugonga kwa sababu ni rafiki, ni ndugu, ni mtani. Mwambie daktari kilichokugonga, hapo hapo, kabla hujalala. Mume wangu alimlinda mtani wake asifungwe. Mtani wake angekubali kufungwa. Alitaka kufungwa! Hakuna aliyemuuliza.