Marashi ya Mwanamke Aliyeinuka

Jua lilikuwa linazama fundi wa fremu alipopanda ngazi za jengo moja la zamani, mbao za fremu kwapani, mfuko wa drili begani. Kazi ilikuwa ya nusu saa tu: kuvisha turubai moja fremu, kuitundika, kurudi nyumbani. Alikuwa amemwahidi mumewe kwamba giza halitamkuta njiani.

Wifi yake alimpa jina la Pua Pambo. Tangu homa kali ya miaka mitatu nyuma, fundi hakusikia harufu ya chochote. Kitunguu, mafuta ya taa, maziwa yaliyochacha, vyote kwake vilikuwa hewa. Wifi alisema pua ile imebaki ya kutilia kipini tu. Fundi alicheka naye, kicheko cha meno.

Na kwa ajili ya pua hiyo, mtengeneza marashi mwenye kazi hiyo alimtaka yeye, si fundi mwingine.

"Wewe hunusi, siyo?" alimuuliza mlangoni, kabla hata salamu hazijaisha.

"Sinusi, kaka. Hata ukichoma mpira."

"Basi ingia."

Chumba kilikuwa cheupe, hakina samani. Turubai tupu, kubwa kama mlango, ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na kichupa chenye maji ya rangi ya majani makavu. Yalikuwa maandalizi ya maonyesho, bwana yule alieleza. Kila mgeni angepuliziwa marashi mkononi, anuse, kisha aitazame turubai. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshajaribu, kila mmoja peke yake, na wote walieleza picha ileile: mwanamke ameketi kitini, amewapa mgongo, nywele mbichi zimemwagika mabegani.

"Na hapa hamna kitu?" Fundi aliitazama turubai.

"Hamna hata alama ya penseli. Mchoro uko puani."

Fundi alipiga magoti, akaanza kupima. "Ni nani huyo mwanamke?"

Bwana alikitazama kile kichupa. "Mke wangu. Kazi yake ilikuwa kukaa achorwe na wachoraji. Alipofariki nilichukua nguo zake, foronya yake, kitana chake, nikaviloweka kwenye spiriti mpaka vikatoa harufu yake yote." Alijifuta jasho. "Wa kwanza walimwona ametulia. Huyu wa mwisho... aliniambia anamwona ameshika mikono ya kiti. Kama mtu anayetaka kuinuka."

Kisha akasema anashuka kwa mlinzi kuazima ngazi ya kutundikia. Hatua zake zikafifia chini.

Fundi alibaki na futi yake na penseli yake. Alipima upande mmoja. Akapima wa pili.

Akanusa.

Alidhani anajidanganya. Akavuta pumzi tena, taratibu... Sabuni. Nywele mbichi. Na chini yake kitu kitamu kilichokaa mno, kama maua yaliyosahauliwa kwenye maji. Miaka mitatu! Machozi yalimtoka kwa furaha, akacheka peke yake kama mwehu, akainua macho.

Kwenye turubai kulikuwa na kiti.

Kitupu.

Nyuma yake, sakafuni, kitu kilidondoka.

Tone.

Tone.

Harufu sasa ilikuwa na joto. Ilikuwa shingoni mwake.

Mlango ulifunguka. Bwana alisimama pale na ngazi mkononi. "Umenyamaza," alinong'ona. "Unaona nini?"

"Naona kiti."

"Na yeye?"

"Hayupo."

Bwana aliilaza ngazi chini polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Usigeuke. Njoo huku. Nitazame mimi tu."

Fundi alitembea. Alimtazama kama alivyoambiwa, lakini macho ya bwana hayakuwa kwake. Yalikuwa juu kidogo ya bega lake, na yalikuwa yanalia.

"Nilitaka waone picha yake tu," alisema bwana. "Sikutaka arudi." Kisha, kwa sauti ya upole, akisema na pale juu ya bega: "Baki hapa, mke wangu. Huyu hakuhusu."

Fundi alishuka ngazi mbio. Harufu ilishuka naye.

Hakumwambia mumewe. Aliloweka nguo, akaoga mara mbili, akaswali kuliko kawaida yake. Wapi. Vitunguu bado havikunukia, sabuni yake mwenyewe haikunukia. Alinusa kitu kimoja tu. Asubuhi kilikuwa jikoni. Mchana, ukumbini. Usiku kilikuwa kitandani, upande anaolala mumewe.

Siku ya tatu alirudi kwenye lile jengo. Chumba kilikuwa kimefungwa.

"Amehama jana," mlinzi alisema. "Mtu aliyekuwa hata salamu haitikii! Jana kaondoka anapiga mluzi."

Siku ya kumi harufu ilipungua. Siku ya kumi na mbili ilikwisha kabisa. Fundi alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, akaamka akishukuru kwamba pua yake imekufa tena.

Jumapili wifi alikuja kuwatembelea. Alipofika mlangoni alisimama, akavuta pumzi ndefu.

"Pua Pambo, umepuliza nini humu? Nyumba nzima inanukia nywele zilizooshwa sasa hivi."

Ndipo fundi alipoelewa. Harufu ya nyumbani kwako huisikii, umeizoea.

"Nimeuliza tu, mbona umebadilika sura?" wifi alisema.

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ilikuja sauti ya mumewe, tulivu, ya mtu aliyepokea kitu mkononi:

"Asante, mke wangu."

Wifi alimtazama fundi aliyesimama mbele yake, akalitazama pazia. "Anamwambia nani?"

Fundi aliweka kidole mdomoni. Alikuwa anasikiliza kama kuna atakayeitikia.