Kengele ya Kigango

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Gaudensia hukimbilia karakana ya baba yake mkubwa, Thadeo, pale Butiama. Thadeo hutengeneza kengele za mkono. Huyeyusha koki mbovu na makufuli ya shaba, humimina kwenye kalibu ya udongo, kisha huacha ipoe polepole yenyewe. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake, aliyeanza na kengele za ng'ombe.

Jumamosi moja alimimina kengele ya kigango chao, kanisa dogo la pale kijijini.

"Gaude, nakwenda sokoni mpaka jioni. Kalibu hii usiiguse. Shaba haipendagi haraka."

Lakini Gaudensia, kwa haraka, hana mfano. Alitamani kuiona iking'aa. Akaivunja kalibu, akakuta kengele bado ya moto, akaimwagia maji. Haikuonekana kuwa na kasoro yoyote.

"Ilishapoa, ndiyo maana nimeitoa," alimwambia Thadeo aliporudi. Naye akamwamini.

Thadeo aliisugua, akaitia mpini na ulimi. Yeye haigongi kengele mpya. Humwachia aliyeiagiza aitikise kwanza. Mama Lukresia, katekista, alipokuja, aliitikisa kwa furaha.

Kwa! Kama sufuria iliyotoboka.

Thadeo aliigeuzageuza, akaona ufa mwembamba. "Samahani, mama. Kengele zangu hazikuwaga hivi. Mkono wangu umekwisha."

Tangu hapo hakuwasha tanuru. Siku moja Gaudensia alimkuta akifunga mvukuto wake wa kupulizia moto kwa kamba ili ampe jirani yake, Ryoba. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Baba mkubwa, usiutoe! Mkono wako ni mzima. Niliifungua ikiwa ya moto, nikaimwagia maji. Nilikudanganya."

Thadeo aliketi chini.

"Nimekuwa nikiitazama mikono hii kama ya mtu mwingine," alisema. "Na wewe ulikuwa unaniona."

Gaudensia alilia. Thadeo akampa nyundo na ile kengele yenye ufa. "Ivunje. Tunaanza upya."

Wakaufungua mvukuto, na safari hii Gaudensia hakuigusa kalibu mpaka alipoambiwa. Mama Lukresia alipoitikisa kengele, sauti yake ilifika mpaka barabarani, na watu wakageuka.

Thadeo alimshika Gaudensia bega. "Shaba ikipasuka, naiyeyusha tena, mwanangu. Lakini zile siku nilizojidharau huwezi kunirudishia. Ukikosea, sema siku ileile, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako."

"Nitasema, baba mkubwa," alijibu Gaudensia, akaenda kuushika mvukuto kwa kengele nyingine.