Kilemba cha Liwali wa Ndapi

Zama zile bunduki za fatila, zile za kuwashwa kwa utambi, zilipokuwa bado jambo la kushangaza pwani, mji wa Ndapi ulikuwa na ukuta wa matumbawe, lango moja, na liwali aliyeitwa Bwana Shale wa Mataka. Miji jirani ilitusema kwa majivuno yetu. Waseme tu! Kwao liwali aliteuliwa na mfalme, akaketi. Kwetu alivishwa kilemba na mji: mzee wa kila mtaa alizungusha mkunjo wake, na tangu hapo neno la liwali lilikuwa sheria. Akikivua, hurudi kuwa mtu kama mimi na wewe.

Mwaka huo jemadari Rokani, mgeni kutoka ng'ambo, aliuzingira mji kwa mizinga. Visima vikakaribia kukauka, watoto wakalia kiu. Ndipo Rokani alipotuma mjumbe kwamba liwali atoke wazungumze amani, akaapa kwa dini yake kuwa hatamgusa. Wazee walimkataza Bwana Shale. Akasema hawezi kutazama watoto wakifa bila kujaribu. Lakini kabla ya kutoka alivua kilemba, akataka avishwe dada yake, Mwana Esha, mjane mwenye ulimi mkali. Wazee wakamfunga kilemba palepale, mkunjo kwa mkunjo.

Bwana Shale akatoka kichwa wazi, jambia kiunoni. Kiapo cha Rokani hakikufika hata adhuhuri. Askari wake walimpokonya Bwana Shale jambia, wakamfunga kamba, wakamsukuma mpaka mbele ya lango, upanga shingoni.

"Fungueni," Rokani aliita. "Nimemshika liwali wenu."

Mwana Esha akajitokeza juu ya ukuta. Waliosimama karibu naye walisema machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote duniani.

"Umekosea, jemadari," alisema. "Liwali wa Ndapi ni mimi. Huyo ni kaka yangu, na lango hili silifungui kwa ajili ya ndugu yangu."

Rokani alimgeukia mateka wake, akamtaka amwamuru yule mwanamke.

"Siwezi," alijibu Bwana Shale. "Yeye ndiye anayeniamuru mimi." Kisha akainua uso. "Kimekukaa vizuri, Esha. Usikivue."

Wallahi, mji mzima ulilia, na mji mzima ulitembea kifua mbele siku ile.

Rokani hakumuua, alitumaini bado kumtumia. Lakini masika yaliwahi, yakajaza visima vyetu na kulowesha baruti yake. Askari wake wenye homa wakakataa kupigana. Akang'oa kambi, akaondoka na Bwana Shale katika minyororo.

Mwana Esha alitawala hadi uzeeni. Miaka mingi baadaye, mahujaji wa Ndapi walimkuta Bwana Shale ugenini, mvi tupu, akifundisha watoto kusoma. Wakapiga magoti, wakamwamkia kama liwali. Akawainua mmoja mmoja, akawakataza. Kisha akauliza, "Liwali wetu hajambo?"