Mgeni Aliyemshika Mtoto

Ilianza na ndizi. Kwamboka alikata mkungu shambani kwake Sironga, akaubeba hadi jikoni, na alipotia kisu azitenganishe akaona chana moja haina mipaka. Ndizi pacha alizijua tangu utotoni, zile ambazo mama mjamzito hukatazwa kula. Hizi hazikuwa pacha. Zilikuwa zimeyeyukiana, ganda ndani ya ganda, nyama ndani ya nyama, kana kwamba mtu alizikanda kama unga. Akamtupia ng'ombe. Ng'ombe akanusa, akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba.

Hakumwambia Phanice, mke wa mwanawe. Phanice alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika zikiwa bado changa. Safari hii Kwamboka alimnyang'anya kikapu cha majani chai, akamkataza kuinama, akamwekea kiti sebuleni akae kama bibi harusi. Majirani wakamcheka, wakasema huyu amekuwa mkunga kabla ya uchungu. Akawajibu kwamba wao wana wajukuu wa kumwaga. Yeye anataka mmoja tu, kabla udongo haujamfunika. Mogaka, mume wa Phanice, aliendesha lori la masafa na kurudi kwa nadra, kwa hiyo mimba ile ilikuwa kama ya wanawake hao wawili.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya banda asubuhi ng'ombe anapozaa, damu mbichi na maziwa ya kwanza, lakini ilitoka pale sebuleni, kwenye kiti cha Phanice. Ikaja na sauti, mlio mdogo wa majimaji, kama mdomo wa mtoto unapoachia ziwa. Kuku alipoangua, vifaranga walitoka wakiwa wameungana ubavu kwa ubavu, wote wakilia kwa koo moja. Kwamboka aliwafukia nyuma ya nyumba kabla hawajanyamaza.

Wakati huo kitinda mimba wake, Ian, aliyekuwa akisomea elimu ya viumbe chuo kikuu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Sabato moja, wakila baada ya ibada, Phanice akamtania: hebu masomo yake yaeleze kwa nini mtoto huyu hupiga mateke wakati wa mahubiri tu. Ian akasema hilo amuulize mchungaji, ila kuna jingine analoweza kumweleza. Akamega matonge mawili ya ugali wa wimbi.

Akasimulia kwamba zamani mno, kabla mtu hajawa mtu, virusi viliwaingia mababu zetu, na baadhi vikajiandika humo ndani, katika jeni, vikarithiwa kama shamba. Vingi vimebaki magofu. Lakini kimoja bado kinatoa protini yake ya vita, ile kiliyovunjia milango ya chembe za mwili. Protini hizo husimama tatu tatu, zimeegemeana kama mafiga. Kichwa cha nje humshika jirani. Shina lililokunjwa ndani hufyatuka kama mtego wa fuko, likaichoma ngozi ya chembe ya pili, likaivuta mpaka ngozi mbili zikawa moja. Na kipande kingine, wataalamu wanadhani, huwatuliza askari wa mwili wa mama wasimfukuze mtoto.

Ian akayabana matonge yale yakawa donge moja lisilo na alama.

“Hivi ndivyo kondo la nyuma linavyojengwa, Mama. Ukuta mmoja, hauna ufa. Bila huyo mgeni, mtoto hana pa kujishikilia.”

Phanice akacheka, akashika tumbo na kulisalimia, karibu mgeni. Kwamboka hakuigusa tena sahani yake. Aliishia darasa la saba, lakini Biblia aliisoma kila alfajiri, na kitu kilichoingia kwa nguvu, kikajificha ndani ya damu, kikawalaza walinzi, alilijua jina lake. Aliziona tena zile ndizi. Aliwasikia vifaranga. Jini yumo, akasema moyoni, tena mtoto wangu mwenyewe amemtaja mezani.

Alimwendea mzee wa kanisa, Manasseh, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia aombe na ampeleke Phanice kliniki. Hilo halikuwa jibu alilolitaka, na mwenye kutaka jibu lake hamkosi wa kumpa. Huko Mosocho sokoni kulikuwa na Orpah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyeombea watu majumbani baada ya kutengwa na kila kanisa alilopitia. Orpah alisikia habari ya mgeni wa damu, akatikisa kichwa kwa utamu. Akasema atakuja Ijumaa. Siku ya maandalio watu husugua sakafu, hupika chakula cha kesho, hung'arisha viatu, hutoa nje kila kichafu kabla jua halijatua; basi na huyo atolewe, Sabato iikute nyumba safi.

Ijumaa hiyo Kwamboka alimtuma Ian mjini Kisii akachukue viatu kwa fundi, ili asiwepo. Mchana mawingu yalishuka kutoka vilima vya Manga, nyumba ikawa giza kama jioni. Phanice alikuwa amesinzia kitini. Kwamboka alipiga magoti akisugua sakafu karibu na miguu yake, na akiwa katika kukamua kitambaa akasikia ameitwa jina. Midomo ya Phanice haikutikisika. Sauti ilitoka chini ya leso aliyojifunga, tumboni, na zilikuwa sauti tatu zilizoegemeana.

“Kwamboka. Nilikuja kuua, nikashindwa, nikapewa kazi.”

“Nani alikupa?” akanong'ona.

“Aliyekupa wewe tumbo. Hata Mogaka nilimshika mimi, ndani yako, ukaniita baraka. Ukinitoa hapa, mtoto ataanguka.”

Alibaki na kitambaa mkononi, maji machafu yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kuna kitambo alipokiamini kile kitu, na kitambo hicho ndicho kilichomtesa baadaye kuliko yote, kwa maana baada ya kuamini alijikumbusha kwamba nyoka naye aliongea vizuri bustanini, na kwamba shetani akitaka kubaki hutishia kile unachokipenda, na zaidi ya hayo Orpah alikuwa tayari mlangoni, akikung'uta mvua kwenye shali, na majirani walikuwa wameshamwona akiingia.

Walimlaza Phanice mkekani. Aliamka akiwa ameshikwa mabega, akamtazama mgeni, akamtazama mama mkwe wake, akaelewa.

“Mama, mimi sina pepo,” akasema polepole. “Nina mtoto.”

Orpah akacheka, akasema kila pepo hujiita mtoto akiona fimbo. Akamkandamiza tumbo kwa viganja viwili, akaanza kukemea kwa sauti ya chini, haraka haraka, toka kwenye damu, toka kwenye mfupa, toka kwenye ukuta ulioujenga. Phanice alikuwa ameushika mkono wa Kwamboka. Aliushika kwa nguvu mpaka kucha zikamchoma mwenzake, akimwomba asimwachie, Mama usiniachie, lolote litakalokuja usiniachie. Na Orpah, bila kuinua macho, akamwamuru Kwamboka afumbate mikono yake aombe, wala asiifumbue mpaka adui atoke.

Kwamboka akaunasua mkono wake kutoka kwa Phanice, kidole baada ya kidole, akaifumbata mikono yake.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, ile harufu ya damu na maziwa ikapanda kutoka mkekani ikajaa hadi kwenye dari, na katikati ya ngurumo na kukemea Kwamboka akasikia ule mlio wa mdomo unaoachia, safari hii si mmoja bali mingi, mamia, ikifuatana kama mishono ya kanzu inayoraruliwa taratibu na mtu asiye na haraka, huku tumbo la Phanice likishuka upande mmoja, na kilio chake kikipanda, kikakatika, kikawa pumzi tu, na chini ya leso pakaanza kuenea kitu cheusi kilichomfanya Orpah ainue viganja vyake, avitazame, akusanye shali yake na kutoka nje kwenye mawe ya mvua bila kusema amina.

“Nishike,” Phanice akasema.

Kwamboka alitaka kumshika. Aliivuta mikono yake, ikakataa. Akadhani ni baridi.

Ian aliwakuta hivyo, akapata gari la jirani. Hospitalini mtoto wa kiume alitolewa akiwa amekwisha kufa, mzima wa viungo vyote, mwenye nywele. Daktari alisema kondo lilikuwa limebanduka pande zote kwa mara moja, kana kwamba halikuwahi kushika mahali. Ili kuzuia damu walilazimika kumtoa Phanice kizazi. Mwuguzi alipita ukumbini alfajiri, akamwona bibi aliyekaa na mikono imefumbatwa, akamwambia kwa upole apumzike, Mungu amesikia. Akamgusa ili amsaidie kuiachanisha. Akautafuta kwa kidole mpaka ulio kati ya kiganja na kiganja, hakuupata. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya vidole imeingiliana, mishipa imevuka upande huu kwenda ule. Walipojaribu kupasua, jeraha lilifunga kabla hawajaweka kisu chini.

Sasa watu wa kanisa wakija Sabato hunong'onezana kwamba hawajaona mama wa maombi kama yule. Phanice ndiye anayemvisha, anayemwosha, anayemlisha uji kwa kijiko, kwa kuwa Mogaka amerudi barabarani, Ian chuoni, na mikono mingine nyumbani hakuna. Jana, akipuliza kijiko, alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Mama, uliniachia mkono kwa nini?”

Kwamboka alikuwa na jibu. Alilitayarisha tangu ule ukumbi, kosa lake lote, kuanzia kwa mzee Manasseh hadi ile sauti aliyoiamini na kuikana, na msamaha ambao hakustahili kuuomba lakini angeuomba. Akaupokea uji kwanza, akafumba mdomo ili ameze. Akameza.

Mdomo haukufumbuka. Phanice alimngojea, kijiko cha pili kikiwa tayari, huku midomo ya mama mkwe wake ikipoteza mstari wake polepole, kutoka pembe hii hadi pembe ile.