Baiskeli ya Mdhamini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Modesta aliosha vyombo kwenye kibanda cha mama yake pale Kigongo. Zamani, yaani miezi michache tu nyuma, kazi hiyo ilimtoa jasho. Mabasi na malori yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, na abiria wanaosubiri huona njaa. Walikula ugali kwa sato, wakaagiza soda, wakaongeza chai, na Modesta akasugua sahani hadi vidole vikakunjamana. Siku hizi alisugua sahani tatu nne, akazifunika, akavaa sare na kuondoka. Daraja lilikuwa limefunguliwa, na mabasi yalipita juu kwa juu bila hata kupunguza mwendo.

Mtu asije akasema daraja liliwashtukiza watu wa Kigongo. Nguzo zake zilichomoza ziwani mbele ya macho yao, zikaongezeka mwaka hadi mwaka, nao wakizitazama huku wakikaanga samaki. Lakini aliyezoea kulishwa na foleni haamini kwamba foleni itakwisha. Kila mmoja alisema, "Bado sana hilo." Justa, mama yake Modesta, alisema hivyo kwa sauti kuliko wote, tena hakuishia kusema. Wakati wenzake wanaulizana watahamia wapi, yeye alikwenda kukopa kwenye kikundi, akanunua friza kubwa ya soda, viti vya plastiki na mabati mapya ya kibanda. Daraja lilipofunguliwa, mabati yale yalikuwa bado yanang'aa.

Mkopo wa kikundi hautolewi bila mdhamini. Wanawake wale walikutana kila Jumatano alasiri kwenye banda la kanisa kulipa rejesho, na desturi yao ilikuwa moja: hakuna anayeondoka mpaka fedha yote ya siku hiyo itimie. Mmoja akikosa, wenzake wamchangie, au wakae hapo hapo na njaa zao. Aliyemdhamini Justa alikuwa jirani yake Rebeka, ambaye wote walimwita Mama Queen kwa jina la binti yake. Mama Queen hakuwa na friza wala mabati mapya. Alikuwa na baiskeli na madumu mawili. Alfajiri alikusanya maziwa kwa wafugaji, akayapeleka Usagara kwa wenye migahawa kabla jua halijawa kali. Baiskeli hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake, na ndiyo aliyoiandikisha kuwa dhamana ya jirani yake. Queen na Modesta walikaa dawati moja, darasa la sita.

Jumatano ya kwanza ambayo Justa hakuwa na rejesho, alimwita binti yake chumbani. Baba yake Modesta alikuwa kwenye machimbo upande wa Geita, na habari za mkopo hakuambiwa kabisa.

"Mtu yeyote wa kikundi akija, sema nimekwenda Mwanza kumuuguza shangazi yako," Justa alisema. "Umesikia?"

Modesta alisikia. Mama Queen alipobisha hodi, alimwamkia shikamoo na kumwambia maneno yale yale, na alishangaa jinsi uongo unavyotoka kirahisi ukishafunguliwa mlango. Mama Queen alisikitika. Alisema basi kikundi kitajikamua kimlipie, kwani mgonjwa kwanza. Jioni akamtuma Queen kuleta chupa ya maziwa, ili mama akirudi ampelekee mgonjwa. Queen alipoondoka, Justa alitoka chumbani akayachemsha, wakanywa chai. Modesta alikunywa pia. Yalikuwa maziwa mazuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jumamosi, kibanda kikiwa hakina hata nzi wa kufukuza, Justa alianza kutafuta mahali pa kutokea. Alizungumza na binti yake kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Angeweza kukimbilia kisiwani Kome kwa kaka yake Nestory. Modesta akauliza kuhusu shule, na safari ikafia hapo. Angeweza kuuza friza. Hapo alikunja uso. Friza itoke juu ya mkokoteni mchana kweupe, mbele ya wale wale waliokuja kuishangilia ilipoletwa?

"Kwa nini usiwaambie kikundi kwamba huna?" Modesta aliuliza. "Si wanaweza kukupunguzia?"

"Nisimame mbele ya wanawake wale niseme nimeshindwa? Wewe hujui midomo yao."

Ikabaki njia moja. Kulikuwa na bwana mmoja Mkuyuni, Obedi, aliyekopesha haraka bila maswali. Mikopo ya namna hiyo watu wameibatiza kausha damu. Modesta akasema, kwa sauti ya chini, kwamba jina lenyewe linatosha kumwonya mtu. Mama yake alimwambia anyamaze, na Jumatatu akaenda Mkuyuni.

Bwana Obedi alikata riba yake kabla hata hajamkabidhi fedha. Iliyobaki ililipa marejesho ya wiki chache, na Justa akahudhuria kikundi akitabasamu, akitoa shukrani kwa niaba ya mgonjwa. Kisha zamu ya Obedi ikafika. Akimlipa Obedi, Justa alikosa fedha ya kikundi. Akilipa kikundi, alikosa ya Obedi, naye Obedi akapandisha riba. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi kumfahamu Obedi. Shangazi wa Modesta, mwanamke mzima wa afya aliyekuwa akiuza mchele Nyegezi, alizidiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, akafanyiwa upasuaji. Yote hayo yalitoka kinywani mwa Modesta.

Wadai walipoanza kuja mara kwa mara, Justa akabuni jambo jingine. Asubuhi Modesta alifunga kibanda, kisha akaifunga nyumba kwa kufuli, kwa nje, mama yake akiwa ndani. Ufunguo alikwenda nao shuleni, mfukoni mwa sketi. Wakati wa hesabu aliugusa. Aliogopa nyumba isije ikashika moto.

Ijumaa moja asubuhi Gidion, afisa mikopo wa shirika lililokikopesha kikundi, alifika na mwenyekiti wa kikundi. Modesta alikuwa ndiyo kwanza amefika barabarani. Aliwaona wakitazama kufuli la kibanda na kufuli la nyumba. Kuvunja mlango wa mtu hawakuruhusiwa. Gidion akasema hakuna namna, mkopaji hapatikani, twende kwa mdhamini. Wakaenda.

Mama Queen alikuwa amesharudi na maziwa kutoka kwa wafugaji, yuko tayari kuanza safari ya Usagara. Hakubishana. Alifungua kamba mwenyewe, akashusha madumu chini moja baada ya jingine, akalifuta tandiko kwa upande wa khanga kana kwamba baiskeli inakwenda kwa mgeni, na Gidion akaipakia kwenye pikapu. Modesta alisimama ng'ambo ya barabara. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Angeweza kuvuka, akafungua mlango, na friza ingebebwa badala ya baiskeli. Hakuvuka. Alikwenda shule, akachelewa, akaadhibiwa kwa kuchelewa, na adhabu hiyo akaiona ndogo.

Queen hakuonekana shuleni siku hiyo wala Jumatatu. Yeye na mama yake walijitwisha madumu kichwani hadi Usagara, na walipofika jua lilikuwa limewawahi, maziwa yalikataliwa. Jumanne Queen alirudi. Alikaa kwenye dawati lao, akafungua daftari, akauliza, "Shangazi yako anaendeleaje? Mama anasema tusimlaumu mama yako. Kuuguza ni kazi."

Kama Queen angemtukana, huenda Modesta angeendelea kudanganya.

"Shangazi haumwi," alisema. "Hajawahi kuumwa. Mama yuko ndani. Mimi ndiye ninayefunga kufuli."

Queen alikusanya daftari zake, akachukua kalamu aliyokuwa amemwazima Modesta, akahamia dawati la nyuma.

Alasiri Mama Queen alikuwa amesimama mbele ya nyumba Modesta alipofika. Modesta alimwamkia. Mama Queen hakuitikia. Alinyoosha kidole kwenye kufuli. Modesta akatoa ufunguo, akafungua mlango na kusema, "Mama yupo."

Justa alikuwa ameketi kitandani, ameshika simu ambayo alikuwa ameizima kwa kumwogopa Obedi. Alianza kujieleza, akataja daraja, akataja biashara. Mama Queen alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Ungeniambia Jumatano ile ya kwanza kwamba huna, ningekusema, tena ningekusema sana," Mama Queen alisema. "Halafu tungekaa chini tukatafuta. Kudaiwa si aibu, mimi mwenyewe nadaiwa. Lakini uliniacha nikuombee mgonjwa kanisani, Mama Modesta. Na huyu mtoto umemfanya bawabu wa uongo wako."

Justa alilia. Mama Queen hakumbembeleza. Alisema kesho ni Jumatano, Justa atatangulia kwenda kikundini na yeye atafuata nyuma yake, ili asije akakumbuka mgonjwa mwingine njiani.

Midomo ya wanawake wale ilikuwa kama Justa alivyohofu. Walimsema kwa Kiswahili, wakamaliza kwa Kisukuma. Lakini walipokwisha kumsema, walikaa wakapima mambo, na Modesta, aliyeketi nje karibu na mlango, alisikia njia zile zile ambazo mama yake alizikunjia uso zikizungumzwa bila haya. Kukopa mahali pengine walikataa moja kwa moja. Aliyeko shimoni haongezi kuchimba, alisema mwenyekiti. Friza iuzwe wiki hiyo hiyo. Fedha ya friza imalize kwanza deni la Obedi, kwa kuwa riba yake haina usiku wala mchana. Deni la kikundi lirefushwe, rejesho lipunguzwe, ila Jumatano asikosekane hata akiwa na homa. Na kibanda kihame, samaki wakaangwe Usagara ambako mabasi yanasimama. Yote hayo yangewezekana tangu mwanzo, tena kwa gharama ndogo zaidi, na hilo ndilo lililokuwa chungu kulisikia.

Baiskeli tu ndiyo haikupatikana. Gidion alisema imekwisha kuuzwa, tena kwa bei ya kutupa. Kikundi kikaamua Justa amlipe Mama Queen thamani yake, kidogo kidogo, juu ya marejesho yake.

Friza ilitoka mchana kweupe juu ya mkokoteni. Watu walitazama, wawili watatu wakacheka, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Aibu ambayo Justa aliikimbia hadi Mkuyuni haikumaliza hata robo saa.

Deni lilichukua muda mrefu zaidi. Modesta aliamka kusafisha samaki kabla ya shule, na Jumamosi alishinda Usagara akipeleka sinia madirishani mwa mabasi. Viatu vyake vya shule vilitoboka vikashonwa, vikatoboka tena. Mama yake alipopata chochote, alitenga kwanza cha Mama Queen, kisha cha kikundi, kisha chakula. Baba alipopigiwa simu na kuambiwa ukweli, alikasirika siku kadhaa, halafu akaanza kutuma alichonacho. Mama Queen alinunua baiskeli kuukuu iliyochakaa. Lakini wenye migahawa walikuwa wamekwisha kupata mtu mwingine wa kuwaletea maziwa, kijana mwenye pikipiki, naye akabaki kuuza rejareja kwa majirani.

Hatimaye ikafika Jumatano ambayo Justa alilipa rejesho la mwisho. Wenzake walimpigia makofi. Gidion akampa mkono, akasema mteja aliyemaliza anaruhusiwa kukopa tena, hata zaidi ya mwanzo, mradi apate mdhamini. Mmoja alitazama kucha zake, mwingine akamfunga mtoto mgongoni upya. Mama Queen alitazama sakafu. Justa alisubiri kidogo, kisha akasema hahitaji mkopo, ahsante, na akatoka.

Njiani Modesta, aliyekuwa akimsubiri nje, alimuuliza kama sasa Queen atarudi kwenye dawati lao, kwa kuwa deni limekwisha.

"Sijui, mwanangu," mama yake alijibu. "Fedha ya watu nimeirudisha yote. Lakini mtu aliyekuamini ukamdanganya, huwezi kumlipa kila Jumatano mpaka umalize. Nilikufundisha vibaya, na leo nakufundisha upya. Ukidaiwa, mfuate anayekudai kabla yeye hajakufuata, umwambie ukweli ungali na kitu mkononi. Usingoje. Mimi nilingoja, na aliyelipia kungoja kwangu ni mtu mwingine."

Mama Queen aliwapita hapo akisukuma baiskeli yake, gurudumu la nyuma likilalamika. Modesta alimwamkia shikamoo. Mama Queen aliitikia marahaba, kama anavyomwitikia mtoto wa mtu yeyote, akaendelea na safari yake.