Siku Rukaya Alipotoka Eda

"Rukaya ni nani?"

Twalibu aliganda mlangoni, taulo shingoni. Simu yake ilikuwa mkononi mwa mkewe, Semeni, na Semeni hakuwa na uso wa utani.

"Rukaya yupi?"

"Huyu aliyekuandikia sasa hivi. 'Eda yangu inaisha Jumatano. Nikitoka ndiyo uje, si kabla.' Uende wapi, baba Warda?"

"Ah, huyo ni mjane wa fundi Nasibu, wa Ikwiriri. Kuna kitu cha marehemu nakifuatilia."

"Kitu gani?"

"Vyombo tu."

Akachukua simu yake, huyo, akaenda dukani kwake kuuza spea za pikipiki. Vyombo! Semeni akakaa kitandani. Mtu mwenye jibu la kweli hulitema, hatafuni namna ile.

Akampigia shoga yake Sikudhani, anayeishi Ikwiriri.

"Rukaya mjane wa fundi Nasibu unamjua?"

"Namjua sana. Mzuri, na umri bado anao. Wanaume wa huku wanahesabu siku tu, si unajua huposwi ukiwa ndani ya eda? Kwani vipi, shoga?"

"Na wangu naye anahesabu."

Semeni akakata simu.

Kwenye kalenda ya ukutani, Jumatano ilikuwa imezungushiwa wino. Wino wa Twalibu. Semeni alipoiona, akakumbuka na zile nyimbo anazoimba bafuni siku hizi, akalia kwa hasira. Miaka minane ya ndoa! Akaapa: akiletewa mke mwenza kwa siri, anadai talaka, anamchukua Warda, wanarudi kwao Chumbi. Jumanne akafunga begi, akalisukuma chini ya kitanda.

Jumatano Twalibu alivaa shati jipya, akajipulizia manukato, akabeba gitaa lake mgongoni.

"Naenda Ikwiriri, mama Warda. Alasiri nimerudi."

"Nenda salama."

Mtu anaenda kuposa na gitaa? Dakika kumi baadaye Semeni alikuwa juu ya bodaboda, mtandio umefungwa kwa nguvu, akimfuata.

Kwa Rukaya, alikoelekezwa na Sikudhani, alimkuta Abbasi, kaka wa mjane, barazani. Hakungoja kukaribishwa.

"Yuko wapi mume wangu?"

"Yumo ndani, dada, na mlango uko wazi. Pita."

Twalibu alikuwa amepiga magoti mkekani mbele ya maboksi mawili ya mbao yenye spika. Rukaya amekaa mbali, kwenye kigoda.

"Semeni! Umefuata nini?"

"Wewe umefuata nini?"

"Ampilifaya za gitaa," akasema kwa sauti ndogo. "Za valvu. Marehemu alizitengeneza mwenyewe kwa valvu za redio za zamani, zile taa ndogo za kioo. Nachagua moja ya kupigia muziki wa jazi nyumbani."

"Na ukanificha!"

"Ile yangu kubwa ya zamani ilimwamsha Warda, mwalimu wa madrasa akaja kulalamika, ukaapa ikilia tena wewe unatoka. Nikaiuza. Zile ndogo za dukani ukipunguza sauti zinalia kama nzi ndani ya chupa. Hizi ukizipiga taratibu bado ni tamu."

"Na eda inahusu nini?"

Rukaya ndiye aliyejibu.

"Alitaka kuja tangu mwezi uliopita, nikamkatalia. Ndani ya eda sikai na mwanamume asiye ndugu yangu, na yeye hakubali kuchagua bila kusikia. Dada, wenye nia zao wameanza kunitumia salamu tangu alfajiri. Mumeo hata hali hajanijulia. Kauliza spika ni inchi ngapi."

Semeni aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akatamani kuondoka, lakini Rukaya akamsogezea kiti.

"Kaa. Wewe ndiye utakayeisikia kila siku. Chagua."

Twalibu akaichomeka ya kwanza, wakangoja valvu zipate moto. Sauti yake ilikuwa kali, ya kufaa ukumbini. Ya pili, ndogo zaidi, ilitoa sauti nene na laini. Mlio wa kila uzi ulikaa kidogo hewani kabla ya kunyamaza.

"Hii," Semeni akasema.

Rukaya akatazama dirishani.

"Hiyo ndiyo aliyokuwa akinipigia mimi."

"Basi tutachukua ile nyingine."

"Hapana. Chukueni hiyo. Mimi sijui kupiga."

Semeni akainuka, akamkumbatia mwanamke aliyekuwa amemchukia kwa siku nne.

Barabarani, wakingoja usafiri wa kurudi nyumbani Kibiti, akamgeukia mumewe.

"Nilishafunga begi. Leo ningelala Chumbi na mtoto."

Twalibu alitua boksi chini.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

Akainamisha kichwa. "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, tungegombana, tungeyamaliza. Unaniogopa, Twalibu?"

"Ukikasirika, ndiyo."

"Nami siku nne nzima niliogopa kukupoteza. Usinirudishe huko." Akamvua gitaa mgongoni, akalivaa yeye. "Nyanyua boksi. Gari hilo linakuja."