Vifaranga Wasiokuwapo

Siku ya Bibi Tursunoy ilianzia kwenye tanuri. Tanuri hilo la udongo lilikuwa pembeni mwa ua. Bibi alikanda unga kabla jua halijapanda. Alibandika mikate kwenye ukuta wa ndani wenye moto, kisha akaichopoa mmoja mmoja, uso umemwiva kama nyanya. Na kila alipogeuka, nyuma yake alikuwapo Sanjar.

Sanjar alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili na nusu. Baba yake alikuwa Urusi, akiwajengea wenzake nyumba. Mama yake, Mohira, alishinda chumbani akishona nguo za watu. Basi mtoto na bibi wakawa chanda na pete. Bibi akienda kwa kuku, Sanjar yuko kwa kuku. Bibi akienda msalani, Sanjar yuko mlangoni anagonga.

"Huu mkia wangu," Bibi aliwaambia majirani. "Wengine huzaliwa nao. Mimi wangu umeota uzeeni."

Ila mtoto mwenyewe alikuwa amepauka midomo. Akikimbia kidogo, anakaa chini. Asubuhi alikula mkate uliolowekwa katika chai ya maziwa. Mchana hivyo hivyo. Jioni hivyo hivyo. Na Bibi akigeuka tu, Sanjar anabandua udongo wa tanuri na kuutafuna.

"Mama, mtoto anakula tena udongo," Mohira alisema.

"Mwache. Baba yake alikula nusu ya ukuta huu. Ndiyo maana umepata mume mgumu."

Bibi alichoma majani makavu akamfukiza Sanjar, ili kumwondolea kijicho. Moshi ulijaa ua mzima, hata kuku wakakohoa. Udongo uliendelea kuliwa. Mwishowe Mohira akampeleka mtoto kituo cha afya. Daktari alimtazama ndani ya macho na kwenye ulimi.

"Nadhani damu yake imepungua," alisema. "Lakini macho yangu hayatoshi. Mpelekeni hospitali kubwa wakampime damu."

Jioni ile Mohira alimuuliza mama mkwe wake, "Tumwambie nini Sanjar?"

"Tumwambie?" Bibi alishangaa. "Tangu lini mtoto anaambiwa?"

Katika mtaa ule mtoto wa kiume hudanganywa siku ya kutahiriwa. Huvikwa kofia mpya, akaahidiwa farasi. Wakati wenyewe ukifika, mjomba hunyoosha kidole juu: tazama ile ndege inapita. Mtoto akiinua macho, mambo yamekwisha. Watu hucheka, wakala pilau.

"Mume wako aliitafuta ile ndege mpaka akaanza shule," Bibi alisema. "Amekufa? Hajafa."

"Lakini kutahiriwa ni mara moja, Mama. Damu wanaweza kutaka tena."

"Eh, leo umekuja kunifundisha kulea. Nimelea watano mimi. Wewe huyu wa kwanza bado unamshika kama yai."

Mohira akarudi kwenye cherehani yake. Mkwe mwema hajibizani na mama wa mumewe.

Asubuhi Bibi alimwambia Sanjar, "Twende tukaone vifaranga. Wadogo, wa manjano."

Sanjar alikimbilia viatu vyake. Kisha akarudi jikoni mwenyewe. Akachota mtama kiganjani, akafumba ngumi. Njia nzima hakuifumbua. Bibi aliiona ile ngumi, akacheka.

Hospitalini Sanjar aliuliza, "Vifaranga wapi?"

"Wamo humo ndani," Bibi alisema, akamsukuma mlangoni.

Humo ndani mlikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Sanjar alilazwa chali mezani. Mohira alishika miguu. Bibi alishika mabega, uzito wake wote juu yake. Mtu wa tatu alishika mkono, akaifungua ngumi kwa nguvu. Mtama ukamwagika sakafuni. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mshipa ulikimbia sindano. Wakamchoma tena.

"Haiumi, haiumi," Bibi alisema. "Mwanamume halii."

Sanjar alimtazama kutoka chini. Alimtazama hivyo mpaka kichupa cha damu kikajaa.

Majibu yalikuja. Damu ilikuwa imepungua kweli. Daktari alitoa dawa ya maji yenye madini ya chuma. Akasema baada ya muda mtoto apimwe tena, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi.

Nyumbani Bibi alichekecha unga, akakanda, akaoka. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Sanjar alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama yake. Bibi alivaa kitambaa cheupe kichwani, kama wavaavyo wazee wote wa pale. Kila kilipotokeza mlangoni, mtoto alilia. Bibi alikivua. Akavaa cha maua mekundu, cha wasichana.

"Nimerudi kuwa bibi arusi," alimwambia jirani. Jirani alicheka. Bibi hakucheka.

Akampa Sanjar dawa, Sanjar akafunga mdomo. Akampa kipande cha sukari, mtoto akakinusa kwanza. Akaenda sokoni, akanunua vifaranga wa kweli, wa manjano, ndani ya kapu.

"Tazama, vifaranga. Njoo uwape mtama."

Sanjar aliviweka viganja vyake nyuma ya mgongo. Hakusogea.

Bibi aliketi kwenye kitanda cha uani, kapu likilia pembeni yake. Alikuwa amewahi kupoteza vitu vingi maishani. Imani ya mtoto huyu aliitupa mwenyewe, kwa mkono wake. Na siku ya kupimwa tena ilikuwa inakuja. Aliona wazi kwamba wakimdanganya mara ya pili, mtoto huyu hatarudi kwake.

Siku hizo akapita Dilorom. Dilorom ni nesi anayezunguka nyumba kwa nyumba mtaani kuangalia watoto. Sanjar alipoliona begi lake, alikimbia chini ya cherehani ya mama yake.

"Mmemfanya nini huyu?" Dilorom aliuliza. "Zamani alikuwa anapekua begi langu."

Mohira alitazama chini. Bibi akamimina chai.

"Mimi ndiye niliyemfanya," alisema. "Nilimwambia tunakwenda kuona vifaranga."

Kisha akaeleza yote, na mtama pia. Dilorom hakumkaripia. Alisikiliza, akapuliza chai yake.

"Na mkigombana naye, huwa mnamwambia nini?"

"Kwamba Dilorom atakuja amdunge sindano," Mohira alisema kwa sauti ndogo.

"Ahsanteni sana. Ndiyo maana watoto wa mtaa huu wananikimbia kama mbwa mwitu."

"Basi uso wako nao unasaidia," Bibi alisema. Wote watatu wakacheka, na Bibi akapumua kidogo.

"Tuanze na chai," Dilorom alisema. "Chai inazuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Mtoto huyu msimpe chai. Mpeni nyama iliyosagwa, dengu, mayai, na matunda. Maziwa apate, lakini yasichukue nafasi ya chakula. Dawa ikae mbali, asiifikie, na mmpe kwa kipimo cha daktari."

"Asiye na chai si mtu," Bibi alinung'unika.

"Atakuwa mtu akikua. Sasa, sindano. Siku ile ile, kabla ya kutoka, mwambieni kweli. Msimwambie wiki nzima kabla. Mtoto wa umri huu haijui wiki, atabaki na hofu tu. Maneno yawe machache. Tunakwenda kutolewa damu. Itauma kidogo. Itakwisha. Nitakuwa na wewe."

"Nimwambie itauma? Atatoka nyumbani kweli?"

"Atalia. Lakini ukisema haiumi, na ikauma, kesho atakuamini kwa lipi?"

Bibi aligeuza kikombe mkononi.

"Msimlaze chali," Dilorom aliendelea. "Mtoto akilazwa chali na kubanwa, anadhani anauawa. Apakatwe, kifua kwa kifua, miguu yake huku na huku. Mkono mmoja unabaki nje kwa ajili ya nesi. Kumshika kwa nguvu na kumkumbatia ni vitu viwili. Kama hospitali haikusema akae bila kula, anywe maji kabla ya kwenda, mshipa uonekane. Ulizeni kama wana dawa ya kupaka ya kutia ganzi. Na mtu mmoja ampe kitu cha kutazama au kupuliza. Povu la sabuni ni zuri. Akipuliza, mwili unalegea."

"Huo si ndio ule ule ujanja wa ndege?" Bibi aliuliza. "Tazama juu, huku chini unakatwa."

"Hapana, mama. Kwa ndege, hajui. Kwa povu, anajua, na anachagua kutazama. Akitaka kutazama sindano, mwacheni aitazame. Na akilia, alie. Msimwambie mwanamume halii. Kazi yake ni kutuliza mkono. Kulia anaruhusiwa."

"Nitampakata mimi," Bibi alisema upesi.

Dilorom alisita. "Apakatwe na anayemwamini zaidi sasa."

Mohira alitaka kusema kitu. Bibi akainua mkono.

"Amesema kweli. Nyamaza, mwanangu. Mimi nitapuliza povu."

Kuanzia hapo walicheza mchezo wa daktari. Mohira alishona mtoto wa vitambaa. Walimfunga mkono, wakamchoma kwa kijiti, wakambandika plasta, wakamwambia imekwisha. Siku za kwanza Sanjar alitazama kwa mbali. Baadaye akakishika kijiti. Akamchoma mtoto wa vitambaa. Kisha akaja polepole akamchoma Bibi kwenye paja, kwa nguvu.

"Inauma," Bibi alisema.

"Inauma," Sanjar alisema, akamchoma tena.

Bibi alimwachia paja. Aliona ni haki yake.

Siku ikafika. Walipomnywesha maji na kumvika viatu, Mohira alifungua mdomo amwambie mtoto. Bibi akamzuia. Akachuchumaa, magoti yakalia, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Sanjar, leo tunakwenda kutolewa damu. Hakuna vifaranga kule. Siku ile Bibi alidanganya. Itauma kidogo, kama kijiti. Mama atakupakata. Halafu itakwisha, turudi nyumbani."

Mdomo wa Sanjar ulitetemeka. Akalia. Bibi hakumbembeleza kwa ahadi. Alikaa pale chini mpaka kilio kikapungua.

Hospitalini dawa ya kutia ganzi haikuwapo. Msichana wa kutoa damu alikuwa mwenye tabasamu. "Njoo, kijana," alisema. "Haiumi hata kidogo."

"Inauma, mwanangu," Bibi alisema. "Mwambie kweli. Na hatalala mezani, atapakatwa na mama yake."

Msichana alimtazama bibi yule mwenye kitambaa cha maua mekundu, ameshika bakuli la sabuni. Akavuta kiti.

Mohira aliketi, akamkumbatia Sanjar kifuani. Bibi akapuliza. Povu la kwanza lilipasuka puani mwake mwenyewe. Sanjar hakucheka, ila alitazama. La pili likapanda. Sindano ikaingia.

"Inauma," Sanjar alisema, akalia.

"Ndiyo, inauma," Mohira alisema. "Mkono wako umetulia vizuri sana."

Mtoto alilia, lakini hakupigana. Alipuliza povu mara moja katikati ya kilio, kwa pumzi ya machozi. Sindano ikatoka. Plasta ikabandikwa.

"Kwisha?" Sanjar aliuliza.

"Kwisha," Bibi alisema.

Sanjar alimtazama Bibi, akautazama mlango. Hakuna aliyekuja kumshika tena. Ilikuwa imekwisha kweli.

Majibu yalipotoka, damu ilikuwa imepanda. Daktari aliwaambia waendelee na dawa na chakula, wasiache katikati. Midomo ya Sanjar ilianza kupata rangi. Udongo wa tanuri ukabaki ukutani. Mtaani, mama mmoja akimtisha mtoto wake kwa sindano ya Dilorom, Bibi humwita kando na kumweleza. Asiyesikia, Bibi humpasha mbele za watu.

Juzi Bibi alichukua kapu la soko. Sanjar alikuwa anacheza mlangoni.

"Twende," Bibi alimwambia.

"Wapi?"

"Sokoni. Kununua vitunguu."

Sanjar hakuinuka. Aligeuza shingo kumtazama mama yake dirishani. Mohira aliacha cherehani, akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, sokoni, vitunguu.

Bibi alisimama akingoja, kapu mkononi. Hakuharakisha, wala hakutia mzaha. Kisha mtoto akasimama, akampa mkono, wakatoka.